Kuvu Wanaofua Fedha: Chembe Ndogo Dhidi ya Bakteria Sugu wa Vidonda

Siku chache baada ya upasuaji, muuguzi hufungua bandeji na kukitazama kidonda. Kikiwa kikavu na kingo zake zimeshikana, mgonjwa huanza kufikiria safari ya kurudi nyumbani, Ukerewe, Sengerema au Magu. Kikiwa chekundu, kimevimba na kinatoa usaha, hesabu hubadilika: sampuli hupelekwa maabara, dawa hubadilishwa, siku za kulazwa huongezeka, na gharama za ndugu wanaomuuguza huongezeka pamoja nazo.

Jambo hili linafahamika vema jijini Mwanza. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Bugando na kuchapishwa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa. Kati yao 65, yaani robo na ushee, walipata maambukizi ya kidonda. Bakteria aliyeonekana mara nyingi zaidi alikuwa Staphylococcus aureus, na baadhi ya hao walikuwa wa aina sugu kwa methisilini. Utafiti mwingine wa hospitali hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya bakteria wa Klebsiella pneumoniae walikuwa na vimeng'enya vinavyoweza kuvunja hata antibiotiki za kundi la seftriaksoni. Kwa dunia nzima, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionesha kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu wapatao milioni 1.27 katika mwaka 2019.

Dawa mpya za antibiotiki huja polepole, na bakteria hawangoji. Kwa sababu hiyo watafiti wa nchi nyingi wamerudi kwenye madini ya kale, fedha, na kutafuta namna ya kuyapa umbo jipya kwa msaada wa kiumbe ambaye wengi humjua kama adui wa chakula na mimea: kuvu, au fangasi. Makala hii inaeleza njia hiyo ilivyo, imefika wapi, na kile ambacho mhudumu wa afya na mgonjwa wa Kanda ya Ziwa wanapaswa kukijua kabla ya kuitumainia.

Fedha katika tiba

Fedha inayozungumzwa hapa ni madini meupe yanayofuliwa pete na vikuku. Si madini mageni kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, kwa kuwa dhahabu ghafi inayochimbwa huko kwa kawaida huwa na fedha kiasi ndani yake.

Uwezo wake wa kuua vijidudu umetumika hospitalini kwa muda mrefu. Mwaka 1881 Carl Credé, daktari wa uzazi wa Leipzig nchini Ujerumani, alichapisha taarifa kwamba tone la mmumunyo wa naitreti ya fedha katika macho ya mtoto mchanga huzuia upofu unaotokana na kisonono cha mama. Mwaka 1968 Charles Fox wa Marekani alieleza matumizi ya silva salfadiazini, krimu nyeupe ambayo wauguzi wengi wa majeraha ya moto wameipaka kwa mikono yao wenyewe.

Kinachoua bakteria ni ioni ya fedha, yaani atomu iliyopoteza elektroni moja. Ioni hiyo hujishika kwenye protini zenye salfa, huharibu utando wa bakteria, na huvuruga vimeng'enya anavyotumia kupumua. Lakini mmumunyo wa kawaida wa naitreti ya fedha una kasoro. Hutoa ioni zake zote kwa pamoja, huunguza na kutia ngozi weusi, na ukikutana na kloraidi iliyomo katika majimaji ya kidonda hugeuka kuwa chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi. Nguvu yake huisha mapema. Kinachohitajika ni ghala dogo la fedha litakalotoa ioni kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Kazi hiyo ndiyo inayotarajiwa kufanywa na chembe za nano.

Dagaa na sangara

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe za nano huwa na upana wa kati ya nanomita 1 na 100. Bakteria wa Staphylococcus ana upana wa takriban nanomita 1,000. Kwa hiyo chembe 100 zenye upana wa nanomita 10 zikipangwa mstari mmoja ndipo zinapolingana naye.

Udogo huu una faida inayoeleweka kwa urahisi kwenye mwalo wowote wa Ziwa Victoria. Kilo moja ya dagaa ina ngozi nyingi mno kuliko sangara mmoja mwenye uzito wa kilo moja, na ndiyo maana dagaa wakianikwa hukauka upesi: jua na upepo huwapata kila upande. Fedha nayo ni hivyohivyo. Kipande cha fedha chenye umbo la mchemraba wa sentimita moja kina eneo la nje la sentimita 6 za mraba. Kipande hichohicho kikigawanywa kuwa michemraba ya nanomita 10, jumla ya eneo la nje hufikia mita 600 za mraba. Uzito haukuongezeka hata kidogo, lakini sehemu inayoweza kutoa ioni na kumgusa bakteria imeongezeka mara milioni moja.

Kuvu anaingiaje katika kazi hii?

Viwandani chembe hizi hutengenezwa kwa joto kali au kwa kemikali zinazorudishia ioni za fedha elektroni zao. Baadhi ya kemikali hizo zina sumu na huacha mabaki yanayohitaji kuondolewa kabla chembe hazijafaa kwa tiba. Kuvu hufanya kazi hiyohiyo ndani ya maji, katika joto la kawaida la chumba.

Siri yake iko katika namna anavyokula. Kuvu hana tumbo. Ukungu unaoota juu ya kiporo cha ugali humwaga vimeng'enya nje ya mwili wake, humeng'enya chakula hukohuko nje, kisha hufyonza kilichokwisha kuyeyuka. Kutokana na tabia hiyo, majimaji yanayozunguka nyuzi zake hujaa protini. Baadhi ya protini hizo zinaweza kuipa ioni ya fedha elektroni iliyoikosa, na ioni ikawa tena atomu ya metali. Atomu hujikusanya na kuwa chembe. Kisha protini nyingine huizunguka chembe kama gamba, zikaizuia isishikamane na wenzake na kuwa bonge.

Mwaka 2001 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Kemia mjini Pune, India, walionesha kwamba kuvu wa jenasi Verticillium hutengeneza chembe za fedha ndani ya seli zake. Ugunduzi huo ulikuwa na ugumu mmoja: kuzipata chembe kulihitaji kuzivunja seli. Mwaka 2003 kundi hilohilo lilitoa taarifa juu ya Fusarium oxysporum, ambaye alizitengeneza nje ya seli, zikielea majini, zenye ukubwa wa nanomita 5 hadi 15. Tangu hapo kuvu huyo amekuwa miongoni mwa wanaotumiwa zaidi katika utafiti huu.

Jina la Fusarium oxysporum si geni kwa mabwana shamba wa Kagera, ng'ambo ya ziwa. Aina yake mojawapo husababisha mnyauko unaoshambulia baadhi ya migomba, hasa ya ndizi za kigeni zilizoletwa kuongezea zile za asili. Kiumbe kilekile anayeziba mishipa ya maji ya mgomba ana vimeng'enya vinavyofua fedha.

Hatua kwa hatua

Utaratibu wa maabara, kwa ufupi, ni huu. Kuvu huoteshwa katika mchuzi wenye sukari na virutubisho kwa siku kadhaa hadi nyuzi zake zijae. Nyuzi huchujwa, huoshwa mara kadhaa kuondoa mabaki ya chakula, kisha hulowekwa katika maji yaliyotakaswa kwa siku mbili au tatu ili zitoe protini zake. Maji hayo huchujwa tena, na nyuzi huwekwa kando. Katika maji yaliyobaki huongezwa naitreti ya fedha, mara nyingi kiasi kisichozidi gramu 0.17 kwa lita moja. Chupa huwekwa gizani, kwa kuwa mwanga nao huibadili fedha.

Baada ya saa kadhaa, au siku moja hadi tatu, maji yaliyokuwa na rangi ya manjano hafifu hugeuka kuwa ya kahawia. Rangi hiyo haitokani na uchafu. Elektroni zilizo juu ya chembe za fedha hutikisika pamoja zinapopigwa na mwanga, na hunyonya zaidi mwanga wa buluu. Kipimo cha mwanga huonesha kilele karibu na nanomita 420, na hadubini ya elektroni huthibitisha ukubwa na umbo la chembe.

Kuvu wana faida nyingine mbili. Nyuzi zao huchujwa kwa urahisi kuliko seli za bakteria, na wengi wao hustahimili viwango vya metali ambavyo vingewaua viumbe wengine.

Hata hivyo, kuchagua kuvu kunahitaji busara. Fusarium huweza kuambukiza konea ya jicho la mkulima aliyechomwa na jani, na humshambulia vikali mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Kumwotesha kwa wingi katika eneo la migomba bila udhibiti kungekuwa kuleta tatizo jingine. Kwa sababu hiyo watafiti wengi wamegeukia kuvu wenye usalama zaidi, kama Trichoderma, ambaye wakulima humtumia dhidi ya magonjwa ya mimea, na uyoga wa jenasi Pleurotus, ambao nchini Tanzania hujulikana sana kwa jina la mamama. Uyoga huu huota juu ya mabaki mengi ya mimea, yakiwemo magugu maji yanayoziba fukwe za ziwa, jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kulionesha. Malighafi ya kuvu, basi, haikosekani Kanda ya Ziwa.

Jinsi bakteria anavyouawa

Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja ya bakteria: ukuta, kiwanda cha protini, au kimeng'enya fulani. Bakteria akibadili sehemu hiyo, au akiunda kimeng'enya cha kuivunja dawa, amepona. Chembe za fedha hushambulia sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Hujishika kwenye utando na kuutoboa, hutoa ioni zinazoingia ndani, huzalisha aina kali za oksijeni zinazounguza seli, na ioni zake huvuruga protini na vinasaba.

Kuna pia uwezekano wa kuzitumia pamoja na dawa zilizopo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, chembe za fedha zilizotengenezwa kwa Trichoderma viride ziliongeza nguvu ya ampisilini, kanamaisini, erithromaisini na kloramfenikoli dhidi ya bakteria walipopimwa maabara, na ampisilini ndiyo iliyonufaika zaidi. Kwa hospitali ambazo dawa za bei nafuu zimeanza kushindwa, wazo la kuzirudishia makali lina uzito.

Kutoka sahani ya maabara hadi kidondani

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Duara safi lisilo na bakteria katika sahani ya maabara linaonesha kwamba chembe ziliua bakteria katika sahani ile. Kidonda kina damu, usaha, kloraidi, na protini ambazo hujishika kwenye fedha na kuipunguza nguvu. Bakteria wa kidonda sugu mara nyingi hujifunika utando wenye ute ambao dawa huupenya kwa shida. Zaidi ya hayo, kidonda kina seli za mgonjwa zinazojaribu kujenga ngozi mpya, na kiasi cha fedha kinachomwua bakteria kinaweza kuwa karibu na kile kinachozidhuru seli hizo.

Hata bandeji na krimu za fedha ambazo tayari ziko sokoni hazijatoa jibu la mkato. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliyokusanya majaribio 26 ya wagonjwa wa vidonda mbalimbali, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba dawa hizo huzuia maambukizi au huharakisha kupona. Baadhi ya majaribio ya majeraha ya moto yalionesha kwamba silva salfadiazini ilichelewesha kufunga kwa kidonda.

Fedha nayo haiko salama dhidi ya usugu. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani waliripoti bakteria wa Salmonella kutoka wodi ya majeraha ya moto ya hospitali moja ya Boston, ambao walikuwa sugu kwa naitreti ya fedha na kwa antibiotiki kadhaa pamoja. Mwaka 2018 utafiti mwingine ulionesha kwamba E. coli waliokutanishwa na chembe za fedha mara kwa mara walijifunza kutoa protini ya mikia yao ya kuogelea, ikazifanya chembe zishikamane na kupoteza nguvu. Silaha inayotumiwa ovyo huwa butu, hata ikiwa ya fedha.

Yapo pia maswali ya utengenezaji. Kuvu ni kiumbe hai. Umri wake, chakula chake na joto la chumba hubadili ukubwa wa chembe. Dawa ya hospitali hairuhusu chupa ya leo itofautiane na ya kesho. Ni lazima pia ithibitishwe kwamba hakuna kipande cha kuvu wala sumu yake kilichobaki. Baada ya hapo hufuata majaribio kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa wengi.

Maji yanayorudi ziwani

Kila kinachooshwa Mwanza hatimaye huelekea ziwani, na ziwa hilohilo ndilo linalowanywesha na kuwalisha wakazi wake. Kwa hiyo swali la usalama haliishii kitandani kwa mgonjwa. Fedha katika umbo la ioni ina sumu kwa samaki na kwa viumbe wadogo wa majini ambao samaki huwategemea.

Mfano wa kuzingatiwa unatoka Brazil. Mwaka 2007 kundi la Nelson Durán lilichapisha utafiti ambao chembe za fedha zilizotengenezwa kwa Fusarium oxysporum zilipachikwa kwenye kitambaa cha pamba, na kitambaa hicho kikaweza kuwaua Staphylococcus aureus. Shuka na nguo za hospitali za namna hiyo zingependeza. Lakini watafiti hao hawakuishia hapo: waliyachunguza pia maji yaliyofulia kitambaa, wakayapitisha kwa bakteria aitwaye Chromobacterium violaceum ili kuinasa fedha iliyotoka. Chuo au kiwanda chochote cha Kanda ya Ziwa kitakachotaka kuingia katika kazi hii kinapaswa kuwa na jibu la swali hilo tangu mwanzo.

Teknolojia ya nano yenyewe imekwisha kupata wenyeji Tanzania. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na nyenzo za nano. Ujuzi wa nyenzo uko Arusha, ujuzi wa kuotesha uyoga uko Dar es Salaam, na ujuzi wa bakteria sugu uko Mwanza.

Kwa mhudumu wa afya na mgonjwa

Chembe za fedha zinazotengenezwa kwa kuvu bado ni suala la utafiti. Hadi zitakapothibitishwa, mambo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa.

Maji ya fedha yanayouzwa kama dawa ya kunywa ya kutibu maradhi mengi yasinywewe. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba bidhaa za namna hiyo hazijathibitika kuwa salama wala kuwa na manufaa. Fedha inayolimbikizana mwilini huigeuza ngozi kuwa ya kijivu chenye ubuluu, na rangi hiyo haiondoki.

Ukungu wa nyumbani, hata uwe wa aina gani, usiwekwe kwenye kidonda. Kinachotumika maabara ni maji ya kuvu aliyechaguliwa, yaliyochujwa na kupimwa. Kuvu mwenyewe anaweza kuambukiza.

Mhudumu anayetumia bandeji yenye fedha asome maelekezo yake. Baadhi huloweshwa kwa maji yaliyotakaswa na hazipaswi kuloweshwa kwa maji ya chumvi, kwa kuwa kloraidi ya chumvi hiyo huikamata fedha. Bandeji hizo ziwekewe kidonda chenye maambukizi au hatari kubwa ya kuambukizwa, tena kwa muda maalumu.

Kinga iliyokwisha kuthibitishwa isiachwe kwa kungoja teknolojia mpya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linaelekeza kwamba antibiotiki ya kinga, pale inapohitajika, itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa lengo la kuzuia maambukizi. Usafi wa mikono, vyombo vilivyotakaswa, na sampuli kuoteshwa maabara kabla ya kubadili dawa ni mambo yanayowezekana leo. Kwa mgonjwa, wajibu ni kumeza dawa kama alivyoandikiwa, kutonunua antibiotiki bila cheti, na kurudi kituoni mapema aonapo wekundu, joto au usaha kwenye kidonda.

Siku bandeji iliyotiwa fedha ya kuvu itakapoletwa wodini, muuguzi atakuwa na haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kuifungua: ilijaribiwa kwa wagonjwa wangapi, inaifanyia nini ngozi inayoota, na maji ya kuifulia yanakwenda wapi.